Kazi ya Pili: Sifa za Ufundi wa Ilimba Bagamoyo

Katika muziki wa kibiashara, kazi inayoogopwa kuliko zote ni albamu ya pili, yaani mkusanyo wa nyimbo unaotolewa baada ya ule wa kwanza kupendwa kupita matarajio ya walioutoa. Kundi la The Stone Roses la Manchester, Uingereza, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989, ikawatikisa vijana wa nchi ile, na wapenzi wake wakangoja hadi Desemba 1994 ndipo wakaipata ya pili, ambayo wengi waliipokea kwa shingo upande. Lauryn Hill wa Marekani, aliyetoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1998 na kuzoa tuzo za Grammy, hajatoa ya pili ya studio, na waliokuwa wakiimba nyimbo zake shuleni wamekwisha kupeleka watoto wao shule. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kazi ya kwanza hubeba kila alichokikusanya msanii tangu utotoni, ilhali ya pili hutakiwa izaliwe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kati ya safari moja na nyingine, huku masikio ya mwenyewe yakiwa yamekwisha kujaa sifa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanahusu muziki ambao mali yake kuu ni wimbo mpya. Upo muziki mwingine ambao mali yake kuu ni chombo na namna sauti zake zilivyopatanishwa, na kwa wenye muziki huo swali la kazi ya pili huanza kujibiwa kwenye karakana, muda mrefu kabla ya studio kufunguliwa.

Bendi za dansi za Tanzania nazo zilikuwa na jibu lake. Kwa miaka mingi bendi hizo zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ulipigwa hewani na kuzoeleka ukumbini kabla haujapata kuuzwa kwenye kanda, hivyo dhana ya albamu ya pili haikuwa na uzito iliokuwa nao Ulaya. Kilichongojewa ni mtindo, maana yake mdundo na namna ya kucheza inayoitambulisha bendi, kama Msondo ulivyowatambulisha NUTA Jazz, bendi iliyoitwa baadaye JUWATA na kisha OTTU, na kama Sikinde ilivyowatambulisha Mlimani Park tangu mwaka 1978. Bendi ilisamehewa wimbo dhaifu maadamu mtindo umesimama, jambo ambalo wachambuzi wa magazeti ya muziki ya London wangelikuwa wagumu kulielewa.

Pwani ya Bagamoyo, kutoka mjini kwenda kusini kupitia magofu ya Kaole hadi Mbegani na Mlingotini, ni pwani yenye desturi ya kufundisha kazi za mikono darasani. Mbegani kuna chuo cha uvuvi kilichokuzwa kwa msaada wa Norwei, na mjini kuna Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa kwa kifupi. Ni katika mji huu alipoweka makao Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma ambaye Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya kwanza ya uhuru ili muziki wake uwe sehemu ya sauti ya taifa changa. Safari yake ilikwenda sambamba na ile ya misafara ya karne ya 19, iliyopita Ugogo, ambako watemi waliitoza hongo, ushuru wa maji na wa njia, kabla ya kushuka hadi Bagamoyo. Muziki wa nyika kavu ukapata nyumba chini ya minazi, katikati ya Wazaramo, Wakwere na Wadoe wenye ngoma zao za nguvu, na kwa zaidi ya miaka arobaini haukuyeyuka humo wala haukujitenga.

Chombo chake kikuu ni ilimba, sanduku la mbao lenye uwazi ndani ambalo juu yake hupangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa bapa, vikabanwa upande mmoja na kuegemezwa kwenye daraja dogo, kisha vikafyatuliwa kwa vidole gumba. Jamaa zake ni mbira ya Washona wa Zimbabwe na likembe ya Kongo. Chuma kikivutwa mbele, sehemu inayotetema hurefuka na sauti hushuka. Kikirudishwa nyuma, sauti hupanda. Na katika kusogeza huko, ambako mara nyingine hakuzidi upana wa ukucha, ndimo ulimo ufundi unaostahili kusifiwa kuliko wepesi wa vidole ambao watazamaji huushangilia jukwaani. Mpigaji asiyejua kukaa na ilimba yake kwa subira, akigonga, akisikiliza, akisogeza na kugonga tena, hata akiwa na kasi ya ajabu atabaki mwanasarakasi.

Jambo la kujua ni kwamba Wagogo hawapatanishi vyuma hivyo kwa ngazi ya piano. Uzi wowote unaotetema hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti nyingine nyembamba zilizojificha juu yake, ambazo sikio lisilofunzwa huzisikia kama rangi tu ya ile ya msingi. Na ngazi ya Wagogo yenye sauti tano imechotwa humo humo, kama alivyoeleza Gerhard Kubik wa Austria, mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika. Ndiyo maana sauti moja katika ngazi hiyo humfikia aliyezoea piano kana kwamba imepungua kidogo. Kwa hakika haijapungua: iko pale ilipowekwa na mtetemo wenyewe, na ni piano iliyosogezwa ili mpigaji aweze kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kusimama. Waimbaji nao hutumia ngazi hiyo hiyo wakiimba kwa sauti nyingi kwa pamoja, na Hukwe Zawose, ambaye koo lake lilishuka hadi kwenye mkoromo na kupanda hadi kwenye sauti nyembamba kama ya filimbi, aliimba kana kwamba ilimba imeota ndani ya kifua chake.

Kuna mambo mengine mawili yanayokifanya chombo hiki kuwa kigumu kutengeneza na kigumu zaidi kurekodi. La kwanza ni mvumo. Kwenye ubao wa juu hutobolewa matundu, na juu ya matundu hayo hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, ili kila chuma kinapolia utando nao utetemeke na kuongeza mkwaruzo mwembamba. Fundi wa studio asiyeujua muziki huu anaweza kudhani kwamba kipaza sauti chake kimeharibika na akaanza kuusafisha mkwaruzo huo, kumbe anaitoa roho ya chombo. La pili ni kwamba vyuma vingine havikuwekwa ili vipigwe: hukaa pembeni na kuitika vyenyewe pale jirani yao mwenye sauti inayopatana nao anapofyatuliwa. Hukwe Zawose alizikuza ilimba zake hadi zikabeba makumi ya vyuma, vingi vikiwa vya kuitika.

Hapo ndipo tofauti na albamu ya pili ya Manchester inapoonekana. Kwa kuwa vyuma huitikiana, chuma kimoja kikiongezwa vyote vilivyotangulia hubadilika kidogo, na mwenye ilimba hulazimika kuvipatanisha upya kimoja baada ya kingine, na baada ya hapo nyimbo alizozipiga mwaka uliopita hazisikiki tena kama zilivyosikika. Kazi ya pili imekwisha kuanza bila neno moja la wimbo mpya kutungwa. Msanii wa namna hii hana sababu ya kuogopa kuulizwa ana nini kipya, kwa kuwa upya wake umo katika kitu anachokishika kila siku, na unakua kwa mwendo wa mbao na chuma.

Rekodi za Hukwe zinathibitisha hilo. Mwaka 1985 kampuni ndogo ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa Tanzania Yetu, kazi ya wanamuziki wa Bagamoyo wakiongozwa na Hukwe, na baadaye ikaifuatisha kwa Mateso. Mwaka 1996 Hukwe na kijana wa ukoo wake, Charles Zawose, walitoa Chibite kwa kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1989, na albamu hiyo ikawapeleka kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kusikia jina la Ugogo. Waliongoja mrithi wa Chibite walimpata mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa jina la Mkuki wa Rocha, na waliotarajia kishindo kikubwa zaidi walikuta ilimba, zeze na sauti za watu. Zeze la Wagogo ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, nalo hufuata ngazi ile ile ya ilimba. Kwa hiyo vyombo hivi viwili havisindikizani tu bali husahihishana. Anayezisikiliza albamu hizo kwa haraka atasema zinafanana. Anayezisikiliza kwa utulivu atasikia kwamba katika ile ya baadaye wimbo unaachwa ukae wazi zaidi, kama mtu aliyekwisha kusalimia na sasa anaongea.

Assembly, iliyotoka mwaka 2002, ilikwenda njia nyingine. Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada ambaye alikuwa ameshafanya kazi na mwimbaji wa kawali Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, aliziunganisha sauti za Hukwe na Charles na magitaa yake pamoja na midundo ya kielektroniki. Ni kazi ya ujasiri, nayo ina dakika zake nzuri, hasa pale gitaa linapokubali kungoja. Lakini mdundo wa mashine, ambao haupungui wala hauongezeki, hukalia nafasi ambayo ilimba huihitaji kwa ajili ya kuitika, na mvumo wa utando wa buibui unafunikwa mara nyingi kuliko inavyopendeza. Kwa mizani ya soko hiyo ndiyo kazi iliyosonga mbele. Kwa mizani ya ufundi ni mgeni mwema aliyekuja kuongea wakati wenyeji walipokuwa katikati ya mazungumzo yao. Mwaka huo huo Hukwe na Charles walipanda majukwaa ya Marekani Kaskazini katika ziara ya Gabriel. Hukwe alifariki Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004.

Ukoo haukunyamaza. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji mwaka 2017, akiupeleka muziki huo karibu na vyombo vya umeme. Kisha mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, tena kupitia Real World. Katika desturi ya Wagogo wanawake wana heshima yao kubwa katika muheme, ngoma zinazobanwa kati ya mapaja na kupigwa nao wenyewe. Lakini katika kundi la familia lililozunguka dunia nafasi yao ilikuwa kuitikia na kucheza, huku zeze na ilimba vikiwa mikononi mwa wanaume. Katika Maisha wao ndio wanaoanzisha wimbo, na vyombo vile viko mikononi mwao.

Magazeti yaliitangaza Maisha kuwa albamu ya kwanza ya kundi hilo, na kwa hesabu ya kampuni ni kweli. Kwa hesabu ya ufundi ni kazi ya pili ya Chibite, iliyongojewa miaka 28, kwa kuwa imefanya kile ambacho chuma kipya hufanya kwenye ilimba: sauti za wanawake, ambazo zilikuwa pembeni zikiitika, zimeletwa katikati, na kila kilichokuwapo tangu awali kimelazimika kupatanishwa nazo. Mkuki wa Rocha ni nzuri na Assembly ina wapenzi wake, lakini hakuna kati ya hizo iliyougusa mpangilio wa ndani wa muziki huu kwa kiasi hicho. Msomaji anayetaka kuupima uamuzi huu aanze na Chibite, aifuatishe na Maisha, na Assembly aiweke ya mwisho. Wala asisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu spika hiyo hukata sauti nzito za ilimba kubwa, na pasipo sauti hizo vyuma vya pembeni havina wa kumwitikia.