Pongezi kwa Msaidizi wa Kijamii wa Kalemie
Mjini Kalemie, ambako kwa desturi Waluba huhesabu ukoo kwa baba na Watabwa kwa mama, wazazi wanapotengana suala la ulezi, yaani nani akae na mtoto na kumtunza kila siku, haliachiwi koo pekee, kwani sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 hutanguliza maslahi ya mtoto na kutaka maoni yake yasikilizwe. Anayestahili pongezi ni msaidizi wa kijamii, ambaye humchunguzia hakimu hali ya nyumbani: mtoto analala wapi, nani anampikia, nani anamnunulia madaftari, maana mzazi asiyepewa ulezi bado ana wajibu wa kuchangia matunzo. Ndoa huvunjika, uzazi hauvunjiki.