Mikono Iliyopima Mzunguko wa Andromeda

Januari 2016 bomba kubwa la maji lilipasuka karibu na jengo ambamo Chuo Kikuu cha Harvard kinahifadhi picha za anga zilizopigwa juu ya vioo. Maji yakaingia ghorofa ya chini, na vioo takriban 61,000 vikalowa pamoja na bahasha zake za karatasi, zile ambazo wanafalaki wa zamani waliziandika tarehe na saa kwa mkono. Vikagandishwa upesi visije vikaota ukungu, kisha ikaanza kazi ya kuvisafisha kimoja kimoja. Nje ya duru za wanafalaki habari hiyo haikuvuma. Wengi hawakujua hata kwamba vioo vya namna hiyo vipo, seuze kujua kwamba kwa karibu miaka mia moja mbingu zilisomwa juu yake.

Katika ufundi huo wa vioo, kazi iliyodai subira kuliko nyingi ilikuwa kupima jinsi gesi inavyozunguka ndani ya galaksi za jirani.

Galaksi haionekani ikizunguka. Mtu anaweza kuitazama Andromeda usiku wa giza, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 2.5, akafa uzeeni bila kuiona imesogea hata chembe. Mzunguko wake unasomwa katika nuru iliyochanuliwa rangi zake: upande unaotujia mstari wa haidrojeni husogea kuelekea bluu, upande unaotukimbia husogea kuelekea nyekundu, na mstari mzima ukalala mshazari kama foromali ya jahazi. Mshazari huo ni mdogo mno. Mwanafalaki Francis Pease, akiwa Mount Wilson, California, karibu na mwaka 1917, aliutafuta katika kitovu cha Andromeda kwa kukifungulia kioo kimoja nuru ileile kwa karibu saa 80. Saa hizo alizikusanya usiku baada ya usiku, kwa muda wa miezi mitatu. Kioo kimoja, miezi mitatu. Leo mtu akingoja faili dakika kumi analalamika kwamba mtandao ni mbovu.

Waliokuja kuufikisha ufundi huu kileleni ni Vera Rubin na Kent Ford, wa Taasisi ya Carnegie huko Washington. Ford alikuwa fundi wa vyombo. Aliunda spektrografu, yaani chombo cha kuchanua nuru, yenye bomba la kukuza nuru, na muda wa kupiga picha ukapungua takriban mara kumi. Rubin alikuwa na swali ambalo wenzake wengi waliliona dogo: gesi iliyo mbali na kitovu, kule pembezoni ambako nyota ni chache, inakwenda kwa kasi gani? Mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini za Palomar, mahali palipokuwa na choo cha wanaume tu. Inasimuliwa kwamba alikata karatasi umbo la sketi akaibandika kwenye mchoro wa mwanamume mlangoni, kisha akaendelea na kazi iliyomleta.

Kazi yenyewe inafaa ikumbukwe hatua kwa hatua. Mawingu ya gesi waliyoyataka katika Andromeda hayakuonekana kwa jicho, hata kwenye darubini kubwa za Arizona walizotumia. Ilibidi wachukue ramani zilizotokana na picha za mwanafalaki Walter Baade, watafute nyota iliyo karibu na inayoonekana, wapige hesabu ya umbali kutoka nyota hiyo hadi kwenye wingu, kisha waisogeze darubini gizani, wakielekeza mwanya wa chombo mahali ambapo jicho halikuona kitu. Baada ya hapo ni kukaa kwenye baridi, jicho kwenye nyota ya kuongozea, mkono kwenye vitufe, kwa saa kadhaa, darubini isiteleze. Kioo kikitoka kinasafishwa katika chumba cha giza. Mawingu 67 walipima hivyo.

Kisha inakuja sehemu ambayo pengine ndiyo roho ya ufundi wote. Kioo kinawekwa chini ya hadubini yenye skrubu ya kupimia. Mpimaji anazungusha skrubu polepole mpaka uzi wa hadubini ukae katikati ya mstari wa haidrojeni, anasoma namba, anaandika. Anarudia. Halafu anakigeuza kioo, kushoto kuwe kulia, na kupima upya kila mstari, kwa sababu mafundi hao walijua kwamba kila jicho lina upande linaoupendelea. Skrubu inasomwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na kosa la mikroni moja tu lingeipotosha kasi ya gesi kwa kilomita kadhaa kwa sekunde. Mtu aliyepima vioo namna hiyo kwa miaka aliifahamu galaksi kwa vidole. Alijua wapi mstari umefifia, wapi umepinda kidogo bila sababu, na palipopinda alisimama.

Kuna kilichowasimamisha. Katika mfumo wa jua letu, Utaridi huenda takriban kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali, kilomita 5 na ushei tu. Galaksi nazo zilitarajiwa zifanye vivyo hivyo. Lakini vipimo vya Andromeda, vilivyochapishwa mwaka 1970, vilionyesha gesi ya mbali ikienda bado karibu kilomita 200 kwa sekunde. Mwaka 1980 Rubin na Ford, pamoja na Norbert Thonnard, walitoa vipimo vya galaksi 21, na kasi haikushuka. Wataalamu wa darubini za redio huko Uholanzi, akiwamo Albert Bosma mwaka 1978, walikuwa wameifuata gesi ya haidrojeni mbali zaidi ya nyota wakakuta hali hiyohiyo. Maada inayoonekana haitoshi kuizuia gesi ya kasi hiyo isitawanyike. Hoja ya maada ya giza, yaani maada isiyoonekana, ilipata nguvu kubwa kutoka kwenye vioo vile na skrubu ile.

Rubin alifariki Desemba 2016 bila Tuzo ya Nobel. Chile sasa kuna kituo cha darubini chenye jina lake, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025 kwa kamera ya megapikseli 3,200. Ni heshima anayoistahili. Hata hivyo darubini yake kuu inapiga picha tu. Haichanui nuru ikapima mzunguko. Jina lake limebaki, kazi ya mikono yake haimo.

Hakuna anayeomba turudi nyuma. MeerKAT, darubini ya redio ya sahani 64 katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, inaiona gesi hafifu ambayo Pease asingeiota, na mradi wake wa MHONGOOSE unachunguza galaksi 30 za jirani. Kinachosikitisha ni kwamba mwanafunzi anaweza kupokea ramani ya kasi iliyokwisha kupakwa nyekundu na bluu, akaipa programu, akaandika tasnifu, na asiwe ameutazama mstari hata mmoja. Mwaka 1992 Rubin na wenzake walitangaza kwamba katika galaksi ya NGC 4550 nusu ya nyota za diski huzunguka upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili. Programu iliyoagizwa itafute kasi moja kila mahali ingetoa wastani na kupita. Jicho lililozoea vioo halikupita.

Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini za redio wa SKA, ambao sehemu yake inajengwa hapo hapo Karoo. Vijana wa huku watakaogusa data hizo watatoka katika madarasa ya fizikia yaliyopo sasa. Walimu wao wasingoje vyombo. Wachapishe spektra ya galaksi moja kwenye karatasi, wawape wanafunzi rula na penseli, wawaache wapime mshazari wenyewe, kisha waigeuze karatasi na kupima tena.