Kilo Kwanza, Nguvu Farasi Baadaye

Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Kigoma inaanzia hapo kupanda vilima vyake. Kwa mvuvi wa Katonga namba hiyo si kitu. Kwa injini ya petroli ni hasara ya kila siku. Joto likifika nyuzi 28, hewa ya ufukweni imepungua uzito kwa karibu asilimia 10 ukiilinganisha na ile ambayo viwanda hupimia injini. Injini isiyo na tabo haina namna ya kujiongezea hewa: inavuta iliyopo, inachoma mafuta yanayolingana nayo, basi. Gari lililoandikiwa nguvu farasi 210 huko Japani linateremka Mwanga, hapahapa Kigoma, likiwa na 190 hivi. Uzito wake, lakini, ni uleule lilioshuka nao melini Dar es Salaam.

Tuchukue Toyota Altezza RS200, gari ambalo vijana wengi wa nchi hii wamelipenda kwa haki kabisa. Injini ya lita 2 bila tabo, nguvu farasi 210, uzito takriban kilo 1,350. Kiwandani kila nguvu farasi moja ilipewa kilo 6.4 za kuvuta. Hapa Kigoma inavuta kilo 7.1. Anayetaka kurudisha uwiano ule wa kiwandani bila kugusa injini anatakiwa aondoe kilo kama 130.

Gereji nyingi huanzia upande wa pili, upande wa kuongeza: egzosi pana, chujio la hewa la wazi, kompyuta ya injini iliyoandikwa upya. Msimamo wangu ni kwamba kwenye ziwa hili kazi ya kwanza ni kupunguza, na ya pili ni kujua kipi hakipunguzwi. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa kazi hiyo ulifanyika hapahapa ziwani, kwa boti mbili za petroli, kati ya Desemba 1915 na Februari 1916.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa ikiendelea, na ziwa lilikuwa la Wajerumani. Kigoma ilikuwa bandari yao, mwisho wa reli ya kati iliyofika mwaka 1914. Walikuwa na meli ndogo mbili zenye silaha, Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 walipata Graf von Götzen, meli ya mita 71 yenye tani zaidi ya 1,500. Hiyo iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikaletwa ndani ya makasha kama 5,000, ikaungwa upya Kigoma. Ndiyo Liemba tunayoijua. Mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliwapelekea wakuu wa jeshi la majini kule London wazo la kuleta boti ndogo zenye mbio kwa kupitia Kongo. Wazo lilikubaliwa, na boti zikapewa majina Mimi na Toutou.

Zilikuwa kazi ya kiwanda cha Thornycroft. Urefu mita 12, upana kama mita 2 na nusu, mbao za mahogani, injini mbili za petroli zenye nguvu farasi 100 kila moja. Uzito ulikuwa karibu tani 4 na nusu. Kasi iliyokusudiwa ilikuwa kilomita 35 kwa saa, na hapo ndipo wepesi unapoeleza kila kitu. Chombo kinachokwenda majini kinazua wimbi omoni, na urefu wa wimbi hilo unaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Wimbi likishalingana urefu na chombo chenyewe, chombo kinakuwa kama kinapanda mlima usiokwisha: tezi inazama, omo inainuka, na nguvu inayoongezwa inaishia kukuza wimbi tu. Kwa chombo cha mita 12 kizuizi hicho kinakuja kwenye kilomita 16 kwa saa hivi. Kukivuka kunahitaji chombo kiinuke juu ya maji badala ya kuyalima, na hakiinuki kikiwa kizito. Boti za abiria zinazoondoka Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, zinaonyesha jambo hilo kila asubuhi. Ikiwa na watu wachache omo inanyanyuka na boti inateleza. Ikijazwa magunia mpaka ukingoni, injini ileile inanguruma vilevile na boti inakwenda mwendo wa kasia.

Kwa hiyo Waingereza hawakuwa wakishindana na Kingani kwa ukubwa. Walichagua kucheza mchezo ambao mwenye uzito mkubwa hawezi kuucheza. Lakini boti isiyo na silaha haina kazi vitani, na kila silaha ina kilo zake. Hapo ndipo uchambuzi unapokuwa mtamu.

Omoni waliweka mzinga mdogo wa Hotchkiss wa kurusha risasi za ratili 3. Mtutu wake peke yake ni kama kilo 240, yaani zaidi ya asilimia 5 ya boti nzima, kabla ya kuhesabu kiti chake, risasi na watu. Tezini waliweka bombomu la Maxim. Tarehe 8 Juni 1915 Mimi ilijaribiwa kwenye mto Thames. Ilikimbia kilomita 28 kwa saa, ikapiga shabaha yake, na kwa mshindo uleule mzinga na aliyeupiga wakatumbukia mtoni, kwa kuwa haukuwa umefungwa sawasawa kwenye sitaha. Mzinga ukirusha risasi mbele, nguvu ileile inarudi nyuma. Kwenye manowari ya maelfu ya tani nguvu hiyo inamezwa na mwili wa chombo. Kwenye ubao mwembamba inaishia kwenye boliti, na boliti zikilegea hakuna cha kuimeza. Kila gramu iliyoondolewa kwenye bodi inaongeza mzigo kwa viungo vilivyobaki. Fundi anayekata vyuma vya gari ili lipungue, halafu asiangalie sehemu ambazo viti na mikanda imefungiwa, anarudia kosa la siku ile.

Uamuzi ninaouheshimu zaidi ni ule wa matangi. Walikuwa wakisaka wepesi kila mahali, na bado wakazungushia matangi ya petroli bamba za chuma. Waliongeza uzito kwa makusudi, mahali pamoja tu, kwa sababu risasi moja kwenye petroli ingemaliza boti, watu na safari yote. Hiyo ndiyo akili ya kupunguza uzito. Mwenye kupunguza kwa akili ana orodha ya vitu asivyovigusa, na orodha hiyo ameiandika kabla hajashika spana.

Safari yenyewe ningeweza kuiandikia makala nzima, nikiipita haraka ni kwa sababu ya nafasi. Boti zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Fungurume kusini mwa Kongo, kisha zikakokotwa na mashine za mvuke, maksai na mamia ya Wakongo kupita milima ya Mitumba. Ni jasho la watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa, lililozifikisha. Hata hapo kilo ziliamua. Chombo cha tani 4 na nusu kinavutika mlimani. Cha tani 50 kingeishia chini ya mlima, au kingefunguliwa vipande kama Götzen. Kwenye mto Lualaba wenye maji haba waliziegemeza juu ya mapipa matupu ili ziinuke na kupita. Mwisho wa Oktoba 1915 zilikuwa zimefika Lukuga, Kalemie ya leo, ng'ambo ya ziwa kusini-magharibi mwa Kigoma.

Kingani ilikuja kuchungulia tarehe 26 Desemba. Mzinga wake ulikuwa mbele tu. Mimi na Toutou ziliiacha ipite, zikaifuata kutoka nyuma, mahali isipoweza kupiga, na kila ilipojaribu kugeuka zilikuwa zimeshahama. Nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa muda mfupi tu baada ya mapambano kuanza. Hakuna bunduki kubwa iliyoshinda siku ile. Ulishinda uwezo wa kugeuka na kujiweka pazuri kabla ya adui, na huo ni uwezo unaotokana zaidi na uzito mdogo kuliko na injini. Kwa dereva ni vilevile: kwenye kona, gari jepesi linabadili uelekeo mapema kwa sababu matairi yana kazi ndogo ya kulishawishi.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana kinafundisha kwa kinyume. Waingereza waliitengeneza Kingani, wakaiita Fifi, wakaitia mzinga wa ratili 12 omoni. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilipotokea, kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipanda Fifi, yenye mzinga mkubwa. Mzinga ulipopigwa mbele, mrudisho wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kuisimamisha Fifi majini, na Hedwig ikazidi kutoroka. Iliyookoa siku ni boti ya Mimi, iliyotangulia peke yake na mzinga wake mdogo. Kwa kuisumbua Hedwig kutoka nyuma iliilazimisha igeuke kujibu, na kila ikigeuka inapoteza mwendo. Fifi ikapata nafasi ya kukaribia, na ikaizamisha. Chombo chepesi kilikuwa na silaha dhaifu inayolingana na mwili wake. Chombo cha pili kilikuwa na silaha iliyouzidi mwili wake. Nikiona gari lililofungwa injini kubwa huku breki, springi na matairi vikiachwa vya zamani, naiona Fifi.

Muda mfupi baadaye Götzen ilipita mbele ya Lukuga, na Spicer-Simson akakataa kuishambulia. Alilaumiwa sana. Mimi nadhani alipiga hesabu sahihi: meli ile ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, na mbao nyembamba hazina jibu kwa risasi kama hiyo. Wepesi unakuwezesha kukwepa, kukimbia na kugeuka. Ukigongwa haukusaidii kitu.

Turudi kwenye Altezza na deni lake la kilo 130.

Kwanza, vitu ambavyo kiwanda hakikuviweka. Kasha la spika za besi na amplifaya zake linaweza kufika kilo 30, nalo linakaa nyuma kabisa ya ekseli, ambako uzito unaliyumbisha gari kwenye kona. Hilo ni deni juu ya deni. Vivyo hivyo vifaa vya chuma, dumu la maji lililosahaulika, na kreti ya soda inayozunguka kwenye buti tangu sikukuu.

Petroli: lita moja ina gramu 740 hivi. Lita 60 ni kilo 44. Anayezungukia Ujiji, Mwanga na Kibirizi hana haja ya kujaza tangi, na akiliweka nusu ameondoa kilo 22 bila kutumia shilingi. Ni punguzo la bure kuliko yote, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

Kisha magurudumu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Kilo iliyo kwenye ukingo wa gurudumu inasukumwa mara mbili, mara ya kwanza kwenda mbele na mara ya pili kuzunguka, hivyo gari likiongeza mwendo kilo hiyo inahesabika karibu kama kilo 2. Tena haibebwi na springi. Shimo likija, gurudumu zito linaruka na kuchelewa kurudi chini, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Kuvua rimu za inchi 17 na kuvaa za inchi 19 zilizo nzito, kwa ajili ya kupendeza, ni kufanya kazi hii kinyumenyume. Rimu nyepesi za ukubwa uleule, kilo 2 na nusu pungufu kila moja, zinakupa kilo 10 kwenye mizani na karibu 20 kwa mguu unapokanyaga mafuta.

Siti ya nyuma ni kilo kama 20, inatoka kwa boliti chache na inarudishwa Jumapili familia ikisafiri. Lakini kuna tahadhari: ukitoa uzito nyuma, mgawanyo wa gari unahamia mbele, na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi kiasi cha kuteleza mapema ukikanyaga breki kwenye mteremko. Betri ndogo zaidi inapunguza kilo 5; ikihamishiwa kwenye buti inarekebisha pia mgawanyo huo, mradi imefungwa imara na waya wake una fyuzi. Zulia la buti na vikorokoro vingine vya ndani ni kilo 10.

Nusu ya tangi, siti, rimu, betri na vikorokoro vinafika kilo 67, nusu ya deni na ushee kidogo. Faida yake haiishii kwenye kuondoka haraka taa ikiwa ya kijani. Gari la kilo 1,283 likishuka kilima kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazipa breki asilimia 5 pungufu ya nishati ya kuzima kila zinapokanyagwa, na hakuna egzosi inayoweza kufanya hivyo.

Nusu iliyobaki ipo, inaonekana, na mafundi watajitolea kuitoa: kiyoyozi, tairi la akiba na jeki, mifuko ya hewa, chuma cha nyuma ya bampa, fito za chuma zilizofichwa ndani ya milango. Kiyoyozi kina kazi katika joto la ziwa na vumbi la kiangazi. Tairi la akiba lina kazi kwa yeyote anayeelekea Uvinza au Kasulu. Na fito za milangoni, mikanda na mifuko ya hewa ni bamba za matangi ya Mimi. Vyote hivyo vibaki ndani, na deni libaki nusu.