Rangi ya Baiskeli

Mzazi akisikia mwanawe anataka kuwa mchoraji, swali lake la kwanza ni la sufuria: utakula nini? Watetezi wa sanaa hulibeza swali hilo. Wao huzungumza habari za kipaji na wito, kana kwamba msanii halipi kodi ya chumba. Mimi naliheshimu swali la sufuria, maana si wachache walioingia katika sanaa kwa mlango huohuo.

Edward Saidi Tingatinga, mmoja wao, hakulelewa kati ya picha. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaondoka kwao kufuata vibarua vya mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaangukia Dar es Salaam. Huko alimtumikia Mwingereza mmoja nyumbani kwake, akafanya kazi hii na ile, kama vijana wengi wa mikoani waliomiminika mjini miaka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwapo mjini wachoraji kutoka Kongo waliowauzia wageni picha zao. Inasimuliwa kwamba aliziona, akajiambia kuwa hata yeye anaweza. Katika simulizi hiyo hamna ndoto ya usiku wala sauti ya wahenga. Yumo mtu mwenye shida ya fedha aliyeona biashara.

Mchagua jembe si mkulima. Turubai na rangi za wachoraji wa vyuoni zilikuwa ghali, basi akachukua hadibodi, zile mbao nyembamba ambazo mafundi ujenzi hupigilia dari, na rangi ya mafuta ya makopo, ileile ya kupaka baiskeli. Umaskini huo wa vifaa ndio uliozaa mtindo wake. Rangi ya namna hiyo ni nzito, inang'aa, na haina subira na mtu mwenye kusitasita. Ukiipitisha brashi mara mbili mahali pamoja kabla haijakauka, inachafuka. Ukitia nyeupe juu ya nyeusi iliyo mbichi, unapata kijivu ambacho hukukiomba. Kwa hiyo fundi hutandaza kwanza rangi ya chini, moja tu, ubao mzima, akauweka kando. Ukishakauka, anamleta mnyama. Mstari wa mgongo wa chui hutoka kwa mkupuo, kutoka kisogoni hadi ncha ya mkia, na mkono ukitetemeka katikati chui anapata kibyongo cha maisha. Kisha madoa, doa baada ya doa, mpaka ngozi ijae.

Kazi ya madoa humchosha hata mtazamaji. Lakini hapo ndipo ufundi ulipo, na sioni kama wanaosifu sanaa kwa maneno makubwa wanapaona. Doa halipimwi kwa rula. Linapungua linapokaribia goti, linajinyoosha ubavuni, linaacha nafasi pale ngozi inapojikunja shingoni. Macho ya mnyama nayo hukutazama wewe, si swala aliye mbele yake. Katika picha za Tingatinga mwenyewe mara nyingi mnyama yuko peke yake, mkubwa kuliko ubao unavyoweza kumchukua. Msongamano wa simba, twiga na tembo chini ya Kilimanjaro, watu wote sokoni pamoja, umeongezeka baadaye, kwa ajili ya mnunuzi anayetaka mbuga nzima ndani ya begi lake.

Ukiuliza kwa nini mtu aliingia katika kazi hii, utajibiwa njaa, na jibu hilo ni la kweli. Swali linalonikera mimi ni la pili: kwa nini alibaki? Mjini kuna njia nyingine za kujaza sufuria, na baadhi yake hazimdai mtu apinde mgongo kutwa juu ya ubao. Mwimbaji Siti binti Saad naye alitoka Fumba, Unguja, akiuza vyungu. Sauti iliyotangaza vyungu ndiyo iliyompeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Angeweza kubaki na vyungu; vilikuwa na wateja. Nadhani anayebaki ni yule aliyegundua kwamba katika kazi hii peke yake siku yake haiishi bila kuacha kitu ambacho asubuhi hakikuwapo na ambacho mwingine asingekifanya vilevile. Kibarua wa mkonge hukata majani kwa hesabu ya bwana shamba. Mchoraji naye ana hesabu, ana bei, ana mteja msumbufu, ila pembe ya mkia wa chui anaiamua yeye.

Tingatinga alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Walidhani ni mhalifu. Uchoraji wake wote haukufika miaka mitano. Ndugu na vijana aliowafundisha wakaendelea kule Oysterbay, mjini humohumo, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Mwanafunzi hujifunza kwa kuiga, na wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba hii si sanaa, ni bidhaa ya watalii. Sikubaliani nao. Fundi wa milango ya Unguja naye alianza kwa kuchonga maua ya mwalimu wake, na hakuna anayeiita milango ile bidhaa.

Tena kuna jambo ambalo lawama hiyo hailielezi. Mgeni anayenunua picha hizi huulizia Tingatinga, jina la marehemu. Jina la aliyechora halijui, na bei haipandi kwa sababu yake. Hata hivyo, pembeni mwa ubao, chini ya kwato za twiga, mchoraji huweka jina lake mwenyewe, kwa brashi ndogo kuliko zote alizonazo.