"Mfuatano wa Makubaliano": Nani Aliyekubaliana?

Mfasiri ashughulikaye na kanzidata za DNA inayojirudia hukutana mapema na dhana ambayo ni rahisi kuiita "mfuatano wa makubaliano". Hatuiridhii istilahi hii. Nakala za Alu katika jenomu ya binadamu zapita milioni moja, kila moja ikiwa na urefu wa herufi kama 300, nazo zimebadilika kila moja kwa namna yake. Wakusanyaji huzilinganisha, wakateua kwa kila nafasi herufi ielekeayo kuwa ya awali, hata wakapata mfuatano ambao pengine haumo popote katika jenomu. Ndiyo kazi ya Repbase, iliyoanzishwa na Jerzy Jurka. Na mhakiki wa tenzi mwenye miswada mitano inayohitilafiana angeitambua mara moja. Hapana kikao kilichoketi! Mwanafunzi asomaye "makubaliano" atadhani wataalamu walipiga kura, wala hataelewa kwa nini mfuatano hurekebishwa nakala zaidi zipatikanapo. "Mfuatano asilia" nao wadai mno, kwani uasilia wenyewe ni kisio. Twapendekeza "mfuatano wakilishi", ingawa kwa Dfam, ambayo huhifadhi pia uwezekano wa kila herufi katika kila nafasi, itatakiwa istilahi nyingine.