Hadithi Inayotangulia Hadithi

Wazee wenzangu huenda wakauona ubishi nitakaoueleza hapa kuwa mchezo wa watoto. Vijana, wakiwamo wajukuu zangu hapa Dodoma, hukesha wakibishana juu ya sura za viumbe ambao hawajapata kuwako, katika karne ambayo haijafika. Mimi nimewasikiliza kwa makini. Miaka mingi ya kuwaandaa walimu ilinifundisha kwamba mtu habishani mpaka akatoka jasho juu ya kitu asichokithamini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa hadithi uitwao Star Trek, juu ya wanaanga wa karne ya 23 na chombo chao, Enterprise. Mwaka 2017 ukaanza mfululizo mwingine, Discovery, unaosimulia mambo ya kama miaka 10 kabla ya yale ya kwanza. Hapo mashabiki wakawaka. Imekuwaje chombo cha zamani kiwe na mitambo ya kisasa kuliko kile kilichokuja baadaye? Na Waklingoni, maadui wa siku zote, ambao katika vipindi vya kwanza walikuwa na paji laini na ndevu, mbona sasa wana vichwa vya matuta visivyo na unywele hata mmoja?

Wako wanaojibu kwamba hakuna maana kumlazimisha mtengenezaji wa leo kurudia mbao na rangi za mwaka 1966. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mtu akitengeneza filamu ya Dodoma ya mwaka 1973, mwaka ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia hapa makao makuu, kisha akatuonyesha majengo ya serikali ya Mtumba, tutamcheka. Sisi mashahidi tungali hai. Karne ya 23 haina shahidi mwingine ila hadithi ya kwanza yenyewe. Ukimkana shahidi huyo, umebaki na nini? Hapo mashabiki wana haki.

Hata hivyo, si kila neno la shahidi lina uzito sawa. Tazama ngoma ya muheme ya Wagogo. Wachezaji wakivaa sare za kitambaa cha dukani, hakuna anayelalamika. Lakini waondoe wanawake kwenye ngoma, uwape wanaume wapige wao, utaona wazee wakiinuka. Au chukua habari za Fumo Liyongo, alizozitungia utenzi Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Wengine husimulia kwamba aliyemuua ni mwanawe, wengine kwamba ni mpwawe. Tofauti hizo husameheka. Asimame msimulizi mmoja aseme Liyongo aliuawa kwa upanga vitani na adui asiye na udugu naye, hapo hadithi imekwisha. Ile sindano ya shaba kitovuni, na mkono wa ndugu ulioishika, ndiyo nguzo ya nyumba.

Kwa kipimo hicho, naona watengenezaji wa hadithi hizi wametumia nguvu nyingi kutia viraka. Mwaka 2005, katika mfululizo uitwao Enterprise, walieleza kwamba Waklingoni walilainika mapaji kwa sababu ya ugonjwa uliotokana na majaribio ya maabara. Mwaka 2019 walimfanya nahodha Pike aamuru mitambo ya kuonyesha picha za watu hewani ing'olewe katika chombo chake, ili kifanane na kile cha zamani. Mwaka huohuo walimpeleka mbali mno katika wakati ujao Michael Burnham, dada wa kulelewa wa Spock ambaye hadithi za kwanza hazikumtaja kamwe, na wenzake wakaapa kutomzungumza tena. Kiraka huziba tundu tu. Hakimpi msomaji wala mtazamaji sababu ya kulia.

Sasa mtazame Pike. Katika kipindi cha mwaka 1966 tunamkuta ameungua kwa mionzi akiwaokoa wanafunzi, amekaa katika kiti cha mitambo, hawezi kusema, anajibu kwa taa tu: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mwaka 2019 watunzi walimwonyesha Pike mwenyewe, angali mzima, ajali hiyo itakayompata, naye akaikubali. Katika Strange New Worlds, mfululizo ulioanza mwaka 2022, anapika, anacheka, anawalea vijana wake, na anajua. Anajaribu kuikwepa, anaona kwamba akiikwepa vitatokea vita na Spock ataumia vibaya, kisha anaiacha ije. Ukirudi kwenye kile kiti cha 1966, ile taa si taa tena. Ni neno la mtu aliyechagua.

Kuna na jambo linalotugusa sisi wenye Kiswahili. Nichelle Nichols, mwigizaji wa kwanza wa ofisa wa mawasiliano, alikwenda kwenye usaili na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru. Mwasisi wa mfululizo, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, akaligeuza Uhura ili lisikike la kike. Mwanachuo wangu angeandika hivyo ningemrudishia karatasi: Kiswahili hakigawi majina kwa uke na ume. Lakini katika kipindi kimoja cha 1967 mwanamke huyo anafutwa kumbukumbu na mashine, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, ulimi unarudi kwenye Kiswahili. Punje hiyo ndogo imeoteshwa mwaka 2022: tunamwona Uhura kijana, yatima kutoka Kenya, mwenye kipawa cha lugha, akiimba mbele ya nyota yenye mkia iliyokataa kila salamu, nayo ikamjibu. Sikuona kijana yeyote akibishania hilo, nami nilisikitika.

Kwa hiyo nawaambia wajukuu zangu: hesabuni vitufe mkipenda, lakini msiishie hapo. Hadithi inayotangulia hudaiwa deni moja kubwa. Ukiimaliza, rudi kwenye ile ya kwanza. Ukiikuta nyepesi zaidi, umeibiwa. Ukiikuta imeongezeka uzito, msamehe mtunzi hata nywele za Waklingoni.