Nusu Milimita ya Chuma

Bastola ya michezo ikitoka kiwandani hufanya kazi vizuri, lakini bado haijawa ya mtu. Triga yake imepangwa imfae yeyote, na mpiga shabaha aliyeiva huhisi kasoro zote kidoleni: mwanzo mlegevu, kisha mkwaruzo, kisha uzito unaopanda ghafla pale anapotaka mkono utulie. Kuziondoa kasoro hizo bila kuipunguzia bastola usalama wake ni ufundi ninaouenzi sana, tena haupewi sifa zake, kwa kuwa ukifanywa vizuri hauonekani.

Chukua CZ 75, iliyobuniwa na František Koucký na kutengenezwa Uherský Brod, katika Chekoslovakia ya 1975. Shadow 2 ya mwaka 2016, ipendwayo na wanamashindano, ni ya ukoo huo. Ukivuta triga, upau mwembamba husukuma jino dogo la chuma, na jino hilo ndilo lililoishika nyundo. Likiteleza, nyundo huanguka na kuigonga pini. Karibu kila anachokihisi mpigaji mwishoni mwa mvuto kimo katika mguso wa jino na nyundo. Kwenye bastola za mashindano zenye muundo wa 1911 wa John Browning, kina cha mguso huo ni kama nusu milimita. Humo ndimo fundi anamofanyia kazi.

Fundi mzuri huanza kwa kupima. Hutundika mizani kwenye triga na kurudia, maana kipimo kimoja hudanganya. Kisha hupaka wino pale chuma kinapokutana na chuma, huvuta triga taratibu, na kutazama kwa kioo cha kukuza wino umefutika wapi. Alama hiyo ndiyo inayomwambia mkwaruzo unatoka wapi. Akishika kinoo, anang'arisha tu, hachongi. Vipuri vingi vya aina hii vimetiwa ugumu juu juu. Ukiipita ngozi ile unafika kwenye chuma laini, kitalika, na siku moja nyundo haitashikika, risasi ya pili itoke bila kuitwa. Ndiyo maana mafundi wengi siku hizi hubadilisha kipuri kizima badala ya kukikwangua cha zamani. Springi nyepesi mtu yeyote anaweza kuitia, na triga italainika papo hapo, lakini springi ya nyundo ikizidi kulegea risasi zitagoma kulipuka katikati ya mashindano.

Ila kinachonivutia zaidi ni sefti, kile kitufe cha usalama. Mpigaji wa mkono wa kushoto anataka kitufe cha upande wa pili. Mwingine anataka kilicho kipana, kidole gumba kikipate bila msaada wa macho. Kipuri kipya mara nyingi hakiingii na kukaa hivi hivi. Fundi hukibana kwenye jiriwa, apitishe tupa mara mbili, ajaribu, atoe, apitishe tena, mpaka ncha yake ilifikie lile jino barabara. Akimaliza, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa, hupandisha nyundo, huwasha sefti, huvuta triga kwa nguvu na kuiachia. Halafu hushusha sefti, huiweka bastola karibu na sikio, na kuirudisha nyundo nyuma kidogo sana. Akisikia "tiki", jino lilisogea, sefti haikulishika sawasawa, na kazi inarudi kwenye jiriwa. Mteja asingeijua sauti hiyo, lakini fundi ameisikia na haachi.

Michezo yenyewe inaiheshimu mipaka hii ya usalama. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha, zinataka triga ya bastola ya mita 25 ihimili gramu 1,000, na ya bastola ya hewa gramu 500. IDPA, mchezo wa bastola za kujihami unaochezwa hapa kwetu Kirigiti, Kiambu, haukubali kifaa cha usalama kilemazwe.

Hata hivyo, si kila bastola hutoka kiwandani na kila kifaa cha usalama: Shadow 2 haina kizuizi kinachoifunga pini mpaka triga ivutwe, kilichomo kwenye toleo la CZ 75 B. Kiwanda kilikiacha kwa makusudi, na triga ikawa fupi na laini. Kwa bastola ya uwanjani, nauona uamuzi huo ni sahihi. Lakini bastola inayovaliwa kiunoni, au inayolala kwenye sefu katika ghorofa ya Lavington ambako ukuta mmoja tu unakutenga na watoto wa jirani, haipaswi kunyang'anywa kizuizi chake kwa tamaa ya ulaini. Anayekubali kufanya hivyo kwa malipo, kwangu mimi si fundi.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaiweka biashara ya kukarabati bunduki mikononi mwa walioandikishwa, na tangu ukaguzi wa wamiliki wote ulioamriwa Desemba 2018 hakuna mwenye leseni asiyejua uzito wa jambo hili. Basi usiagize kipuri mtandaoni ukakifunga mwenyewe mezani jikoni. Mpelekee bastola fundi aliyeandikishwa, mwombe aipime triga mbele yako kabla na baada, na kabla hujalipa, mwambie akusikilizishe ile sefti.